Paka Mgeni na Subira ya Mungu



Vijana wenzangu, leo mnivumilie kidogo, nataka tuongee habari za paka. Najua kuna atakayesema, "Sasa paka na tafakari wapi na wapi?" Ngoja kwanza. Hivi unajua kwamba katika Biblia nzima paka wa nyumbani anatajwa mahali pamoja tu? Fungua Baruku sura ya 6, ile inayoitwa Barua ya Yeremia. Mwandishi anazicheka sanamu za miungu ya Babeli: popo na mbayuwayu wanatua juu yake, paka nao wanapanda, na miungu yenyewe haiwezi hata kusema "kis!" Wenzetu wengi wa madhehebu mengine hawana Baruku katika Biblia zao, kwa hiyo paka wa Biblia ni wetu. Haya, tuendelee.

Kwaresima iliyopita tulipokea wageni wawili nyumbani. Wa kwanza ni mtoto wa paka, wa miezi miwili hivi, tuliyepewa na jirani. (Chini ya wiki 8 msimchukue, bado anajifunza upaka wake kwa mama yake.) Wa pili ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo aliyetangulia mbele ya haki. Ana miaka 8. Wote wawili walikuja wiki moja, na wote wawili walifanya jambo lile lile: walijificha.

Paka alikaa uvunguni siku mbili. Mgeni wa namna hii hupewi ruhusa ya kumvuta kwa mkia ili watu wamwone. Unamtengea chumba kimoja kwanza, maana nyumba nzima kwake ni kama jiji zima. Unamwekea maji, chakula kidogo mara tatu au nne kwa siku kwa sababu tumbo lake ni dogo, na boksi lenye kitambaa apate pa kujificha. Maziwa ya ng'ombe yaache, paka wengi yanawaharisha. Halafu unakaa. Yaani unakaa chini kabisa, sakafuni, kwa sababu ukisimama wewe ni mlima. Humkodolei macho. Ukimtazama, funga macho polepole na kuyafungua, paka huelewa kuwa huna shari. Siku ya tatu alitoka mwenyewe akanusa goti langu, akarudi uvunguni. Nikafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mdogo wangu naye alijifungia chumbani. Wageni waliokuja kutupa pole wakaanza: "Mbona hasalimii watu? Mtoto ana kiburi huyu." Jamani! Mtoto amezika mama, amebadilishiwa nyumba, shule na kitanda, halafu tunamdai uchangamfu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Adamu nyuma ya miti. Mwanzo 3:9, Mungu anauliza yuko wapi. Mungu alikuwa hajui? Alijua vizuri sana. Aliuliza ili aliyejificha apate nafasi ya kujibu kwa sauti yake mwenyewe. Na baadaye alifanya zaidi ya kuuliza, alishuka. Hosea 11:4 inamwonyesha Mungu akiinama kumlisha mwanawe, na Wafilipi 2:7 inasema alijifanya hana kitu, akachukua hali ya mtumwa. Fumbo la Umwilisho tunalisoma kwenye mafundisho kama somo gumu, lakini mtoto yeyote mwenye hofu angekuelewesha: mkubwa ameketi sakafuni.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, mchanga. Paka mdogo hufundishwa kujisaidia mahali pake, na kwa bahati nzuri nusu ya kazi anakuja nayo, kufukia ni asili yake. Chukua beseni fupi, tia mchanga mkavu au maranda, liweke mbali na chakula. Kila akimaliza kula au akiamka, mpeleke hapo. Akifanya vizuri, msifu, mpe dagaa mmoja asiye na chumvi. Na akikosea? Kuna wanaomshika kichwa na kumsugua pua kwenye uchafu wake. Nimeona kwa macho yangu. Haisaidii hata kidogo. Paka haunganishi maumivu na kosa, anaunganisha maumivu na wewe. Atajifunza kitu kimoja tu, kukukimbia na kwenda kujisaidia nyuma ya kabati.

Mdogo wangu alikuwa anakojoa kitandani. Mnajua desturi ya mitaani kwetu: mtoto anabebeshwa godoro lake, wenzake wanamfuata wakimwimbia. Watu wanacheka, wanaita malezi. Mama yangu hakufanya hivyo. Alitandika nailoni chini ya shuka, akawa anamwamsha saa tano usiku kabla yeye mwenyewe hajalala, na shuka likilowa alilifua alfajiri kabla ya mtu kuamka. Hakulitaja mezani hata siku moja. Ilichukua miezi mitatu. Nikiulizwa huruma ya Mungu inafananaje, siku hizi naona shuka lile kwenye kamba saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini msidhani huruma ni kuacha uchafu ulipo. Hapa kuna siri ya wafugaji: paka akikojoa pembeni na pakabaki harufu, atarudi pale pale. Kufuta juu juu hakutoshi. Unaosha kwa maji na siki mpaka harufu yenyewe iishe, na usitumie dawa zenye amonia maana kwa pua ya paka hizo zinanukia kama mkojo. Sasa jiulize kuhusu Kitubio. Unaungama, unaondolewa dhambi kweli, hilo tusilitilie shaka. Kisha unarudi nyumbani na namba ya yule mtu bado iko kwenye simu, programu ya kubeti bado ipo, lile kundi la picha chafu hujajitoa. Halafu unashangaa kwa nini wiki ijayo uko foleni ile ile na dhambi ile ile! Tunapotubu tunaahidi kuepuka nafasi za dhambi. Nafasi ndiyo harufu. Toa.

Na kuhusu kucha: usimzoeze paka kucheza na vidole vyako. Akiwa na miezi miwili inachekesha, akifikisha minane unatoka damu, na kwake bado ni mchezo ule ule uliomfundisha. Mpe kamba au kitambaa aking'ang'anie. Vilema vyetu navyo vilianza vikiwa na meno ya maziwa. Hakuna aliyeanza kwa kubeti ada, alianza na jero.

Bila shaka mtu si paka. Paka anazoea, mtu anachagua. Katekisimu namba 1803 inaieleza fadhila kuwa mwelekeo thabiti na wa mazoea wa kutenda mema, na namba 1810 inasema hupatikana kwa malezi, kwa matendo ya makusudi na kwa kudumu katika juhudi, huku neema ikitakasa na kuinua. Angalia mpangilio huo, neema haikuja kukupumzisha. Unasali leo dakika tano, kesho tano, saa ile ile, mahali pale pale, kama paka na beseni lake.

Kwa wanaouliza kama ni halali kumpenda mnyama hivi: soma Katekisimu namba 2415 hadi 2418. Inawataja Mt. Fransisko wa Asizi na Mt. Filipo Neri kwa upole wao kwa wanyama, inakataza kuwatesa bure, na papo hapo inaonya tusitumie kwao fedha inayopaswa kwanza kuondoa taabu za watu. Kwetu sare za shule zilitangulia, dawa ya minyoo ya paka ikafuata, na akifikisha miezi 3 chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukiza. Na kama paka wako ni mweusi kama wetu, wanaosema ni wa kichawi waambie wasome namba 2111 kuhusu ushirikina, kisha wamwache alale.

Mdogo wangu ameanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza mwezi huu. Paka analala miguuni pake. Mwombeeni.