Kikapu Kilichozidi Matarajio

Kazi ilitolewa Jumatatu, ikakumbukwa Jumapili baada ya Isha. Ndivyo kazi za mikono zinavyoingia katika nyumba nyingi za Mombasa: mtoto wa darasa la nne anakula wali wake taratibu, halafu, tonge likiwa njiani kwenda mdomoni, anakumbuka. "Mama, mwalimu amesema kesho twende na kikapu tulichosuka wenyewe." Mama anaacha kula. Baba anajifanya hakusikia. Simu inachukuliwa, kundi la wazazi la WhatsApp linafunguliwa, na hapo inajulikana kwamba nusu ya wazazi wamo katika janga lilo hilo, na nusu ya pili walishamalizana nalo Jumamosi sokoni Kongowea.

Katika nyumba moja ya Kisauni, wiki iliyopita, kikapu kilipatikana usiku uo huo kwa jirani anayeuza mikeka. Kidogo, cha ukindu, chenye mistari ya zambarau na kijani, mshono umenyooka kuanzia kitako hadi ukingo. Muuzaji ameshawazoea wateja wa Jumapili usiku. Aliuliza tu mtoto yuko darasa la ngapi, kisha akazilegeza chane mbili tatu hapo ukingoni ili kazi ifanane na ya mtoto. Huduma hiyo haikulipiwa.

Kikapu kilirudi nyumbani na EE. Kwa asiye na mtoto shuleni, Mtaala wa Umilisi wa Kenya hupima kwa ngazi nne: aliyezidi matarajio, aliyeyafikia, anayeyakaribia, na aliye chini yake. Kikapu cha kununua, basi, kilizidi matarajio. Msichana wa nyumba ya pili, aliyekaa uani na nyanya yake akasuka pakacha kwa kuti bichi, alipewa "anakaribia". Pakacha lake lilikuwa limepinda, na jani moja lilining'inia nje kwa kukosa mwenzake.

Jani hilo lina kisa chake, na ndilo linalostahili alama.

Pakacha ni chombo cha haraka cha Pwani. Aliyeangua madafu au maembe na hana cha kubebea hukata kuti bichi papo hapo, akachukua kipande cha uti chenye majani, akakipasua kwa urefu. Hapo anapata vipande viwili, kila kimoja na safu yake ya majani upande mmoja. Anavielekeza vitazamane, kisha anaanza kuyapitisha majani mshazari: moja juu, moja chini, ya huku yaende kule na ya kule yaje huku. Mwishoni majani yaliyobaki hukusanywa na kusukwa kama nywele ili kufunga kitako. Mtu aliyezoea humaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Kuti likikauka majani hunywea, matundu hufunguka, na pakacha huishia jikoni kuwashia moto. Hakuna aliyewahi kuhuzunika kwa hilo.

Msichana yule alichukua karibu alasiri nzima. Nyanya alipasua uti kwa panga, kwa sababu kazi hiyo haiachiwi mtoto, halafu akakaa kwenye kibao chake, mikono mapajani.

"Nyanya, hapa jani limenizidi."

"Hesabu ya upande huu."

Akahesabu.

"Sasa hesabu ya upande ule."

Akahesabu tena, akanyamaza. Upande mmoja ulikuwa na jani la ziada. "Nilikate?"

"Ukilikata hapo patakuwa na tundu. Fumua, uanze ukijua utalipeleka wapi."

Akafumua, akaanza tena, akafika pale pale. Mara hii aliamua mwenyewe kuliacha jani nje badala ya kutoboa kitako. Lile lililoning'inia lilikuwa uamuzi wa fundi mwenye miaka kumi, na mwalimu aliyeliona asubuhi hakuwa na njia ya kuujua, kwa kuwa aliletewa pakacha tu. Kusukwa kwake kulibaki uani.

Sasa kitazamwe kile kikapu cha zambarau na kijani. Ukindu hukatwa kwenye makuti machanga ya mkindu. Huanikwa juani mpaka ugeuke mweupe, huchanwa kwa upana mmoja, na ule wa rangi huchemshwa kwenye sufuria pamoja na rangi ya unga, kisha huanikwa tena. Ndipo husukwa ukili, utepe mrefu unaoweza kuzunguka chumba, na mwisho ukili hushonwa duru kwa duru hadi upatikane umbo la kikapu. Wanawake wa Pemba, Lamu na Msambweni wanaofanya kazi hii huisuka huku wakiongea, wakipika, wakilea, kwa siku nyingi. Kumwambia mtoto aje na kikapu cha namna hiyo, naye hajafundishwa hata kuchana ukindu, ni sawa na kumwambia mama yake aende sokoni. Na mama ni mtiifu.

Wapo watakaosema lawama ni za wazazi. Wazazi watasema ni za mwalimu. Mwalimu, ukimwuliza faraghani, atataja darasa lililofurika, somo lisilotengewa hata mkasi, na alama za tathmini anazotakiwa kuzipakia kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani. Alama huhitaji kitu cha kutilia alama. Kitu kilichokamilika ndicho rahisi kupimwa: kinawekwa mezani, kinatazamwa, kinaandikiwa herufi mbili. Kusimama nyuma ya kila mtoto anapofumua na kuanza upya kunahitaji muda ambao ratiba haina. Kila mmoja, kwa hivyo, ana udhuru wake, na soko la Kongowea linanufaika.

Wala si jambo la leo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na sanaa na ufundi, na somo hilo likawa la mtihani wa darasa la nane. Waliosoma wakati huo wanakumbuka fagio na vikapu vilivyobebwa kwenda shule, na wanakumbuka pia vilikotoka vingi kati yake. Miaka ya mwanzo ya 2000 somo likaondolewa kwenye mtihani, na shule nyingi zikaacha kulifundisha hata pale lilipobaki kwenye ratiba. Mtaala wa Umilisi, uliojaribiwa 2017 na kuanza kote nchini 2019, ulikusudiwa kuirudisha mikono darasani. Mwaka 2021 mzazi mmoja alikwenda Mahakama Kuu kuupinga, na miongoni mwa manung'uniko yaliyosikika kila mahali ni hizi kazi za nyumbani zisizokwisha. Jopo la Profesa Raphael Munavu, lililoundwa Septemba 2022, lilipendekeza masomo ya msingi yapunguzwe, na sanaa, ufundi, muziki na michezo vikawekwa pamoja. Mzigo ulipungua. Desturi ya kuleta kitu kilichokwisha tengenezwa ilibaki ilivyo.

Aliyelipatia jibu tatizo hili mapema alikuwa mbali kabisa na mnazi wowote. Finland iliziingiza kazi za mikono katika shule za msingi mwaka 1866, kwa juhudi za Uno Cygnaeus. Msweden mmoja, Otto Salomon, akaifuata fikra hiyo na kuanzisha huko Nääs chuo kilichokuja kuvutia walimu kutoka nchi nyingi. Masharti yake yalikuwa machache na makali. Mtoto atengeneze kitu kitakachotumika nyumbani: mwiko, mpini, kigingi. Mapambo hayana nafasi. Aanze na chepesi, apande kwenda kigumu. Na mwalimu asiiguse kazi ya mtoto kwa mikono yake; aeleze, aoneshe kwenye kipande kingine, amwache mwenye kazi aharibu na kutengeneza.

Nyanya wa Kisauni hajapata kumsikia Salomon. Amefika alikofika yeye kwa njia yake.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwenye orodha ya mahitaji ambayo shule nyingi za mjini hutuma kwa simu: manila ya rangi, glita, gundi ya kupasha moto, vijiti vya aiskrimu (visiwe vilivyotumika), shanga. Kila kimoja kinanunuliwa, na kinachotoka humo mara nyingi ni pambo la kubandikwa ukutani mpaka muhula uishe. Huku nyuma ya shule makuti yanafagiliwa na kuchomwa. Kuti hilo hilo ndilo linalotoa kititia, kile kipepeo cha majani kinachozunguka mtoto anapokimbia dhidi ya upepo. Linatoa ufagio: majani yanachunwa, chelewa zinabaki, zinafungwa pamoja, na nyumba inafagiwa. Chelewa mbili zikifungwa msalaba na kuwambwa gazeti kwa uji mzito wa unga wa ngano, huwa tiara. Kifuu kikisuguliwa na kutiwa mpini huwa upawa, na upawa mama atautumia kuchotea mchuzi kesho yake, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya pambo la glita.

Hapa ndipo mpinzani anaposimama. Mtoto wangu atakuwa daktari, anasema, pakacha la nini? Dunia imekwenda kwenye kompyuta. Nyie mnarudi kwenye makuti. Hoja hii ina watu wengi nyuma yake na inastahili kujibiwa bila kejeli. Daktari huyo atakuja kushona vidonda, na kushona ni kazi ya vidole. Lakini hata yule msichana wa pakacha akija kuwa karani wa benki, alasiri ile uani ilimpa kitu ambacho kikapu cha kununua hakikumpa mwenzake: alikutana na kosa lake mwenyewe, akalihesabu, akalifumua, akachagua namna ya kuishi nalo. Mwenzake alijifunza kwamba kosa huepukwa kwa pesa na kwamba mwalimu hatauliza. Hilo nalo ni somo, na watoto hulishika haraka.

Kuhusu makuti kuwa mambo ya kale, Lamu imeshatoa jibu lake. Mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walizindua Flipflopi, mashua iliyoundwa kwa plastiki iliyotupwa na kuvishwa ndara zilizookotwa fukweni, na mwaka uliofuata ikasafiri hadi Zanzibar. Malighafi yake ilikuwa ngeni, lakini iliundwa kwa ujuzi wa mafundi wa majahazi, uliorithiwa mtu kwa mtu kwa kutazama na kushika.

Mpinzani wa pili ni mkazi wa gorofa ya tano huko Nairobi, asiye na uwanja wala mnazi, na nyanya wa mtoto wake yuko Bondo. Ana haki ya kulalamika akiagizwa ukindu. Lakini pakiti tupu ya maziwa, vifuniko vinne vya soda na vijiti viwili vimetengeneza magari mengi ya watoto wa mtaani kuliko duka lolote la vitu vya kuchezea. Matambara, karatasi na kamba hutoa mpira. Shuka kuukuu ikichanwa vipande na kusukwa hutoa zulia la mlangoni. Kikubwa ni kitu kiwe kinatoka kwenye taka za nyumba na kinarudi kutumika katika nyumba ile ile. Kiondo cha mkonge cha Ukambani hakikuzaliwa darasani. Kilizaliwa kwa sababu kulikuwa na mazao ya kubebwa.

Kulikuwa na nafasi nzuri ya vikapu kurudi mikononi mwa watu. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Wengi walidhani kikapu kimepata siku yake. Kilichojaa madukani ni mifuko laini inayojifanya kitambaa, nayo imetengenezwa kwa plastiki. Hiyo, hata hivyo, ni safu ya wiki nyingine.

Kazi hizi za mikono zisifutwe, kama wazazi wanavyodai kila muhula unapofunguliwa. Zirudishwe zilikoharibikia. Mtoto apewe wiki mbili au tatu badala ya usiku mmoja, na kitu kimoja chepesi badala ya mkeka. Aruhusiwe kukileta kikiwa nusu, kwa kuwa kikapu kilichofika nusu kinaonesha kilivyosukwa, na kile kilichokamilika kinaficha. Shule za Pwani ziite nyanya na babu wawili watatu waje wakae na watoto kwa kipindi kizima, wapewe chai na nauli. Mzazi naye azuie mikono yake, hata pale kazi inapomtia aibu mbele ya wazazi wenzake.

Na mwalimu anayetaka kujua nani amesuka nini hana haja ya kumhoji mzazi wala kuchunguza mshono. Ampe kila mtoto kipande cha kuti bichi hapo darasani, amwambie asuke mistari mitatu, na alama zitolewe kwa hiyo mitatu.