Mpaka Uliopandwa



Ukipanda kutoka Moshi kwenda Marangu au Kibosho, utaona vihamba vingi, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, visivyotenganishwa na kuta. Kati ya jirani na jirani yamesimama masale: mashina membamba yaliyokaribiana, majani marefu ya kijani, na nyuma yake migomba na kahawa. Wazee waliupanda mpaka badala ya kuujenga.

Kuupanda si kazi ngumu. Masika yakianza, hukatwa kipande cha shina, kikachomekwa ardhini, na muda si mrefu kikachipua. Kazi iko baadaye. Isale lisilopunguzwa hurefuka likaacha chini wazi, na kuku wa jirani wakapita wapendavyo. Kwa hiyo hukatwa juu ili lichipue upya, na mwenye busara hafyeki ua lote siku moja, maana ndani mna wenyeji. Kinyonga anatambaa humo, buibui ametandaza utando wake, ndege huja kula vitunda. Maua ya isale hunukia giza linapoingia, saa ya nondo.

Lakini kuna jambo jingine, nami ndilo ninalolipenda zaidi. Kwa desturi ya Wachagga, aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, au humtuma mzee alipeleke kwa niaba yake. Kulikataa jani hilo ni jambo zito. Basi fikiri: waliogombana kwa hatua mbili za ardhi hawana haja ya kwenda mbali kulitafuta. Limeota papo hapo mpakani.

Injili nayo inatutaka tumwendee mwenzetu. Katika Mathayo 5:23-24, Yesu anamzungumzia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake mkononi. Anamwambia aiache, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Na huyo ndugu ndiye mwenye kinyongo, wala si mtoa sadaka. Hata hivyo anayetakiwa kuondoka ni mtoa sadaka. Je, wewe unamngoja nani aanze?

Pengine unaogopa kwamba ukipatana na jirani yako utalazimika kung'oa mpaka wote, aingie na kutoka atakavyo. Sidhani hivyo. Majirani waliopatana bado wana masale yao, na kila mmoja hukata upande wake, msimu baada ya msimu, hata zile siku ambazo salamu inatoka kwa shida. Upendo mwingi ninaoujua mimi uko hivyo. Je, upande wako umeutazama lini?

Juma hili, kabla ya ibada ya Jumapili, mwendee mtu mmoja. Ukikosa la kusema, mtume mzee akutangulie, desturi inaruhusu.