Mzazi, Tiba ya Hofu ya Mwanao Inaanza na Wewe

Mtoto anaogopa giza, unalala naye. Anaogopa wageni, unamjibia. Kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, unamwambia abaki nyumbani. Unafanya hivyo kwa mapenzi, na leo anatulia. Lakini kesho hofu inarudi na nguvu zaidi, kwa sababu kila unapomkinga anajifunza mambo mawili: kwamba jambo lile ni la hatari kweli, na kwamba yeye haliwezi.

Usijilaumu. Jua nguvu uliyonayo!

Mwanasaikolojia Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walibuni tiba iitwayo SPACE, ambayo anayehudhuria vikao ni mzazi, si mtoto. Waliijaribu kwa watoto 124 wenye maradhi ya wasiwasi, wa miaka 7 hadi 14. Kundi moja watoto walitibiwa wenyewe. Kundi la pili walifundishwa wazazi peke yao, vikao 12 vya kila wiki. Watoto wa kundi la pili walipata nafuu isiyopungua ile ya wenzao. Wazazi walibadilika, watoto wakapata nafuu!

Basi anza. Kwanza hakikisha hakuna anayempiga au kumnyanyasa huko anakokuogopa. Hatari ya kweli huondolewa, haizoewi. Kisha chagua jambo moja tu utakaloacha kumfanyia. Mwambie mapema, kwa upole: "Najua unaogopa, na najua utaweza." Yaseme yote mawili. Ukisema la kwanza tu, unamdekeza; ukisema la pili tu, unamkaripia.

Atalia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nasi wengi tukadhani wanasifu fimbo. Hapa fimbo haina kazi, wala kejeli, wala kumlinganisha na ndugu zake. Kinachotakiwa ni wewe kutulia na kutorudi nyuma. Baba, mama na bibi semeni lugha moja, maana mlango mmoja ukibaki wazi, hofu itapitia huo huo. Na hofu ikimzidi, akaacha kula, kulala au kwenda shule, mpeleke kwa mtaalamu, nawe uingie naye katika tiba.

Usisubiri mtoto awe jasiri ndipo umwamini. Mwamini leo, akiwa bado anatetemeka, na umwoneshe kwa vitendo. Usiku wa leo kaa na mwenzako, chagueni hilo jambo moja. Kesho anzeni!