Mcheza Kwao

Tuna methali mbili za malezi ambazo zikikutana chini ya paa moja hazielewani. Ya kwanza inasema samaki mkunje angali mbichi. Ya pili inasema mcheza kwao hutunzwa. Ya kwanza inamwambia mzazi atumie mikono: kunja sasa, kesho atakuwa amekauka. Ya pili inamwambia atumie macho: mwache acheze, mtazame, kisha mtunze. Nimekuwa nikizipima zote mbili tangu rafiki yangu mwenye binti wa miaka minne aliponiuliza, akijua ninasoma shahada ya uzamili katika falsafa na kwa hiyo nina muda wa maswali kama hayo: “Nifanye nini ili mwanangu aupende muziki?”

Ukilisikia haraka, ni swali la ununuzi. Nunua kinanda kidogo, tafuta mwalimu wa Jumamosi, basi. Lakini rafiki yangu hakuuliza jinsi ya kumfanya mtoto ajue muziki. Aliuliza jinsi ya kumfanya aupende. Kujua kunaweza kufundishwa, hata kwa fimbo. Wengi wetu tulijifunza jedwali la kuzidisha namna hiyo. Kupenda je? Na hata kama kunawezekana, mtu anapata wapi haki ya kumchagulia mwenzake kitu cha kupenda, ati kwa kuwa mwenzake huyo ni mdogo na anaishi kwake?

Swali hili ni la kale. Plato aliamini kwamba mdundo na ulinganifu wa sauti hupenya ndani kabisa ya roho kuliko mafunzo mengine, na kwa sababu hiyohiyo akataka dola ichague watoto wasikie nini. Mwanafunzi wake Aristotle alikuwa mpole zaidi. Katika kitabu cha nane cha Siasa anasema watoto wajifunze kupiga vyombo wakiwa wadogo, ila wasisukumwe kwenye maufundi ya mashindano. Lengo ni kwamba wakikua waweze kuutambua muziki mzuri na kuufurahia. Humo humo anakisifu kichezeo cha kutikisa, mfano wa manyanga, kwa sababu kinampa mtoto shughuli asije akavunja vitu vya nyumbani. Nampenda Aristotle kwa sentensi hiyo. Inaonyesha aliwahi kukaa nyumba moja na mtoto.

Siku hizi mzazi akiulizwa kwa nini anataka mwanawe apende muziki, jibu la haraka ni akili. Muziki unakuza ubongo. Imani hii ina historia. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti mfupi: wanafunzi 36 wa chuo kikuu huko Marekani walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika kumi, kisha wakafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiria maumbo. Faida yenyewe ilidumu takribani robo saa. Hapakuwa na mtoto hata mmoja katika utafiti huo. Hata hivyo, kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, alikuwa anaomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa klasiki.

Simcheki gavana. Alichotaka ni kile wanachotaka wazazi wengi: mtoto asipitwe. Ila kuna gharama ambayo bajeti haikuionyesha. Mtoto akipewa ngoma ili afaulu hesabu, anajifunza upesi kwamba ngoma ni ngazi. Na ngazi haipendwi. Ukishafika juu unaiacha imeegemea ukuta.

Kwa upande wa samaki mbichi kuna ushahidi mzito, na ni haki kuutaja. Bila mkono wa Leopold Mozart kule Salzburg pengine tusingekuwa na Wolfgang. Vidole havijifunzi kwa kutamaniwa; vinajifunza kwa kurudia, siku ambazo mtoto anataka na siku ambazo hataki. Lakini nyumba ile ilikuwa na watoto wawili. Maria Anna, aliyezaliwa mwaka 1751, alifundishwa na baba huyohuyo, akapiga kinanda katika majumba ya wafalme wa Ulaya pamoja na mdogo wake. Alipofikia umri wa kuolewa, safari zikamwishia yeye, mdogo wake akaendelea. Swali ninalolipata hapo si kama baba aliwapenda. Ni hili: anayekunja, anakunja kuelekea wapi, na kwa faida ya nani? Maana mkono unaoweza kumkunja mtoto kuuelekea muziki unaweza pia kumkunja autoke.

Huku kwetu kuna mfano wa aina nyingine. Siti binti Saad alitoka Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, akatembeza vyungu mitaani huku sauti yake ikimtangulia. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Bi Kidude, aliyekuja kujulikana dunia nzima, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Sisemi umaskini ni chuo cha muziki. Wako wengi wenye sauti ambao vyungu viliwazika. Ninachosema ni kwamba kuna kujifunza kunakoanza na sikio lililoachwa wazi karibu na mtu anayeimba kwa dhati.

Jambo hili nililiona nikiwa nimepanga chumba katika nyumba yenye wapangaji sita na choo kimoja. Mtoto wa jirani, umri kama miaka mitano, alikuwa amegundua mfuniko wa sufuria. Mama yake alimkemea kutoka ndani: “Wewe! Baba yako katoka zamu ya usiku, amelala!” Na alikuwa na haki. Kuta zetu zilikuwa nyembamba, na mwenye nyumba alikuwa ameshaonya kuhusu kelele. Bibi wa mtoto, aliyekuja kuwatembelea kutoka shamba, hakubishana na mkwewe. Alimchukua mjukuu hadi nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, akapindua ndoo, akapiga mara tatu, akasubiri. Mtoto akajibu kwa mfuniko. Bibi akabadilisha. Mtoto akapotea, akacheka, akarudi. “Haya, mume wangu, tena!” Walipochoka, bibi alifungua pindo la kanga, akatoa sarafu, akambandika mjukuu wake kwenye paji la uso lenye jasho, kama anavyotunzwa mchezaji mbele ya ngoma.

Kitenzi chetu hicho, kutunza, kimebeba mambo mawili: kumzawadia anayefanya vizuri, na kumlea asiharibike. Bibi alifanya yote mawili kwa sarafu moja. Na hakusema hata neno moja kuhusu ubongo.

Ninachokiona katika kitendo kile ni kwamba hakumchagulia mtoto kitu cha kupenda. Alimwonyesha chake, akamwachia nafasi ya kujibu au kutojibu. Nadhani haki ya mzazi inaishia hapo, na wajibu wake unaanzia hapohapo. Kwa sababu kukaa kimya nako ni kuchagua. Nyumba isiyoimba imeshamfundisha mtoto jambo fulani kuhusu kuimba.

Hapa ndipo kizazi chetu kina kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Zamani redio moja ilikaa sebuleni, na mtoto alijua baba ananyamaza kwenye wimbo gani na mama anaacha kuchambua mchele kwenye wimbo gani. Sisi tunasikiliza muziki mwingi kuliko wao, lakini kwa hedifoni. Mtoto anamwona mzazi ametikisa kichwa kwenye kiti cha daladala na hajui kwa nini. Tunampa simu yake yenye nyimbo za katuni, kisha kila mmoja anabaki na masikio yake. Penzi lililofichwa ndani ya sikio haliwezi kuambukizwa.

Kwa hiyo nilimjibu rafiki yangu kwamba asianze na kununua. Chomoa hedifoni jioni, nikamwambia. Imba ukiosha vyombo, hata kama sauti yako inakwaruza. Kama nyumba yenu haina gitaa kwa sababu za imani, kuna kasida, kuna dufu la maulidi; kama ni ya kanisani, kuna tenzi na kwaya. Mwalimu wa Jumamosi aje baadaye, mtoto akishaomba mwenyewe, na hapo ndipo nidhamu ya kurudia itakuwa na maana, kwa sababu itakuwa inatumikia hamu yake.

Akaniuliza: “Na asipoomba?”

Basi hakuomba. Atakuwa amekua katika nyumba iliyoimba, na hilo si hasara.

Jaribio gumu zaidi, nadhani, ni mtoto atakayeomba kitu kingine. Rafiki yangu anapenda taarabu ya zamani, ile ya udi na kanuni, na ndiyo anayotaraji kumrithisha binti yake. Lakini binti anakulia Dar es Salaam. Inawezekana sana kwamba miaka kumi ijayo atarudi nyumbani na singeli, kasi ya kuumiza kichwa, na kutaka mama yake aisikilize mpaka mwisho. Siku hiyo itajulikana kama mama alitaka mtoto apende muziki, au alitaka mtoto ampende yeye kwa jina la muziki. Nilimwambia aanze kuweka sarafu kwenye pindo la kanga mapema.