Kupimwa Njia kwa Mwenye Uchungu: Haja au Mazoea?

Baada ya darsa za akina mama hapa Mwanza, suala moja hurudi mara kwa mara, nalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mwanamke akiwa na uchungu hospitalini, mkunga humpima njia kwa vidole ajue mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani. Mara ya kwanza huvumilia. Anakuja wa pili, kisha mwanafunzi, kisha mwalimu wa mwanafunzi. Je, yote haya ni lazima? Na sitara iko wapi?

Tuanze na neno wasilolipenda baadhi ya waume na mama wakwe. Anayemkataza mzazi asipimwe kabisa, kwa jina la haya, hakuitetea dini. Mtoto akikwama nyongani muda mrefu, kizazi huweza kupasuka, au mama akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila ya kuzuilika. Mkunga wa Ukerewe ana maji mbele yake. Hawezi kungoja mambo yaharibike ndipo atafute chombo cha kumvusha mzazi. Kwa ajili ya wakunga wa mbali kama huyo, madaktari Philpott na Castle, mwaka 1972, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walichora mistari ya kuonyesha uchungu unaokawia, ili mzazi apelekwe hospitali kubwa mapema. Na mistari hiyo hufuata kufunguka kwa njia.

Lakini haja ina mpaka wake. Maulamaa wa Kishafii waliweka daraja: kuutazama uso na viganja, haja ndogo yatosha; sehemu nyingine za mwili, haja nzito zaidi; ama tupu, haja iwe nzito kuliko zote, hata asionekane mtu kuwa amevunja muruwa. Na dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Basi kupimwa kwa sababu inayojulikana ni halali. Kupimwa tena nusu saa baadaye, kwa kuwa zamu imebadilika na aliyepima hakuandika, haja yake ni ipi? Huo ni uvivu wa kalamu, na anayeulipia ni mzazi.

Waganga wenyewe wamefika karibu na hapo hapo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo kila baada ya saa nne, uchungu ukishakolea na njia kufika sentimita 5, likaonya juu ya mzazi mmoja kupimwa na watu wengi. Vidole vingi huongeza hatari ya maambukizo, hasa chupa ikishapasuka. Na mzazi anayetokwa na damu hapimwi ovyo, maana kondo huenda limekaa mlangoni.

Utasema: wanafunzi watajifunza wapi? Suala zuri, na mimi ni mwalimu. Ukunga ni fardhi kifaya. Bila ya wasichana hao, mabinti zetu watahudumiwa na wanaume. Lakini fardhi ya jamaa haiuchukui mwili wa mtu bila ya ridhaa yake. Mwanafunzi apime pale ambapo kipimo kingefanywa hata hivyo, na mama aulizwe kwanza, aweze kusema hapana bila ya kufokewa.

Na mume anayetaka mkewe ahudumiwe na mwanamke, aulize siku za kliniki, si usiku wa uchungu, amesimama mlangoni mwa leba anagombana na daktari wa zamu.