Adabu ya Soko

Mwanangu, jana uliona haya nilipomshika mkono yule kijana sokoni, aliyepita kati ya mama wa samaki na panga wazi begani. Ulininong'oneza, "Mzee, mwache, ni mgeni, hajui." Neno lako hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kaa nikueleze.

Sheria ya serikali ina karani na gereza. Adabu ina macho ya watu tu. Nani alikufundisha kupiga hodi, au kutochota sombe iliyo mbele ya mwenzako? Hukumbuki. Na adhabu yake haina hakimu. Asiyekwenda matangani kwa jirani hatozwi faini; anasalimiwa kama kawaida. Siku msiba ukiingia kwake, kuni zinachelewa, maji yanachelewa, na wachimba kaburi kila mmoja ana safari. Hakuna kikao kilichokaa. Kila mtu ameamua peke yake, na wote wameamua jambo moja.

Lakini yapo makosa ambayo adhabu hiyo ya polepole haiwahi. Nyangwe si mbali na sisi, kando ya mto Lualaba. Mwaka 1871 soko lake lilikuwa la wanawake hasa, waliovuka mto kwa mitumbwi na samaki, vyungu, muhogo na kuku. Tarehe 15 Julai, asubuhi, ng'ambo kulikuwa na moshi: watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani walikuwa wakichoma vijiji. Hata hivyo walifika sokoni watu kama 1,500. Fikiri hapo, mwanangu. Mama anauona moshi, naye anajitwika kapu na kuingia mtumbwini, kwa sababu sokoni hapigwi mtu. Ndivyo alivyolelewa.

David Livingstone, Mskoti aliyekuwa amekaa Nyangwe tangu mwisho wa Machi akitafuta mtumbwi, alikuwepo. Aliwaona watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe wakiingia na bunduki. Aliandika mwenyewe kwamba alitaka kuwakemea, na kwamba mmoja wa watu wake aliwakemea kweli. Lakini Livingstone akasema moyoni ni wageni, hawajui. Na jua lilikuwa kali, akaanza kuondoka. Akiwa anaondoka akamwona mmoja wao akibishania kuku. Halafu bunduki zikalia katikati ya watu. Wanawake walikimbilia mitumbwi, ikasongamana, na wengine wakapigwa risasi wakiwa majini. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Simlaumu Livingstone kwa risasi, hakuzipiga yeye. Na sijui kama kemeo la pili lingezuia kitu. Ila "hajui" ni neno la kumwendea mtu, si la kumpita. Kama hajui, nani atamwambia?

Basi mwambie, tena mapema, kosa likiwa bado panga begani. Msalimu kwanza. Mvute pembeni, usimfedheheshe mbele ya wakwe zake wala mbele ya vijana wanaotafuta cha kucheka. Sema juu ya panga, usiseme juu ya kabila lake. Hapa kwetu, Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengine tunakanyaga soko moja, na neno "ninyi watu wa kule" hubaki masikioni kuliko kosa lenyewe. Akiomba radhi, yaishe. Anayesimangwa baada ya kuomba radhi hataomba tena. Kijana wa jana, ulimwona, alilifunga panga lake kwa gunia na kunishukuru. Wewe ndiye uliyeona haya.

Lakini usifikiri kila mazoea ni adabu. Babu zetu waliovaa kanzu walijiita waungwana na kuwaita wengine washenzi. Wengi waliikubali desturi hiyo, na chini ya jina hilo watu walifungwa minyororo wakauzwa. Mimi ninayeongea nawe ni mjukuu wa kanzu hizo, sina la kujisafisha. Desturi iulize inamlinda nani. Ile ya kutoingia na silaha sokoni inamlinda muuza kuku na mnunuzi wake, mwenyeji na mpita njia. Ile ya kuitana mshenzi ilimlinda mwenye mnyororo peke yake.

Agosti 1874 msafiri Mwingereza, Cameron, alifika Nyangwe akakuta soko lipo na wanawake wanavuka tena na mizigo yao. Miaka 3 tu. Mama wale walikuwa na ujasiri mkubwa kuliko bunduki zote za Dugumbe.

Yule kijana nimemwalika Ijumaa baada ya sala. Mtakula bugali sahani moja, na wewe ndiye utakayemnawisha mikono.