NIYA NI YA NANI?
Maneno juu ya kumkhudumia asiyejiweza

Mtu aliyepooza mikono miwili ataka kusali adhuhuri. Maji yako karibu naye, lakini hawezi kuyateka wala kuyamimina. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na watu wengi wa mwambao, walikwisha kulieleza jambo hili zamani katika mlango wa udhu. Kuletewa maji hakuna ubaya. Kumiminiwa maji, kwa mwenye afya, kuacha ni bora, ijapokuwa imepokewa ya kwamba Mtume (S.A.W.) alimiminiwa na Mughira bin Shu'ba safarini. Ama kuoshwa viungo na mtu mwingine, hilo lachukiza kwa mwenye kujiweza. Walakini kwa asiyejiweza hukumu yageuka kabisa, na yampasa atafute mtu wa kumtawadhisha, hata kwa ujira wa kadiri ikiwa anao.

Na katika mlango huo huo mna neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Niya ni ya yule anayetawadhishwa, si ya anayetawadhisha. Mikono ni ya mtu mmoja, na udhu ni wa mtu mwingine. Mtumishi angenuia mara mia, na mwenye udhu mwenyewe hakunuia, hapana udhu hapo. Ni mtu kuloweshwa maji tu.

Neno hili lataka litolewe katika beseni ya udhu, litiwe katika siku nzima ya mtu. Na achukuliwe mfano wa mzee aliyepatwa na kiharusi, upande wake wa kuume ukafa, ulimi ukawa mzito, na akili yake i salama kama ilivyokuwa. Jamaa zake si watu waovu. Wamlisha, wamwosha, wamvika nguo safi. Lakini mgeni akiingia kumzuru, humwuliza mtoto: "Mzee amekula?" naye mzee yu papo hapo asikia. Akitaka kusema, neno lachelewa kutoka, na kabla halijatoka mtu amekwisha kulimaliza kwa niaba yake, tena amelimaliza sivyo. Amevikwa kanzu asiyoitaka, amelazwa saa asiyoitaka. Watu hawa wamemkhudumia viungo vyake, na niya yake wamemnyang'anya, wala hawakujua kuwa wamechukua kitu.

Kumsaidia mtu, basi, ni kumwazima kiungo. Na jambo hili si maneno ya juu juu. Huonekana katika namna ya kushika. Kipofu hasukumwi kwa nyuma wala havutwi kwa kiganja kama mtoto. Hupewa kiwiko akishike yeye, naye mwenye macho atangulie nusu ya hatua, akitaja ngazi na shimo kabla hawajafika. Aliyepooza upande mmoja huingizwa nguo mkono mbovu kwanza, na katika kuvua mkono huo huwa wa mwisho. Ule mzima huachiwa afanye uwezalo, hata kama kifungo kimoja kitachukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Alishwaye chakula hukalishwa wima, hupewa tonge ndogo, na hungojwa ameze ndipo aletewe ya pili. Kwani mwenye koo dhaifu chakula humwingia njia ya pumzi, na haraka ya mlishaji yaweza kumwua. Na mwenye vidole visivyokaza, huenda hahitaji kulishwa kabisa, bali kijiko kilichozungushiwa kitambaa mpini ukawa mnene.

Hapa pana jambo la sinia. Katika Sura ya 24, aya ya 61, Mwenyezi Mungu amewataja kipofu, kiwete na mgonjwa katika maneno ya kula, akawaondolea uzito. Baadhi ya wafasiri wameeleza ya kuwa walikuwako watu walioona haya kula pamoja nao, kwa kuogopa wasije wakawapunja sehemu yao. Haya hiyo ilikuwa haya ya wema. Lakini haya ya leo ni nyingine: mzee hutengewa sahani chumba cha nyuma kwa sababu mkono watetemeka na mchuzi wadondoka mbele ya wageni. Mwenye kufanya hivi na aulize nafsi yake ni nani aliyekuwa akisitiriwa, mzee au wageni.

Tena si kila mtu ahitaji mkono. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, naye ni muadhini wa Mtume. Bilal aliadhini usiku ungalipo, na Ibn Umm Maktum aliadhini alfajiri, wala hakuadhini mpaka aambiwe na watu kwamba kumekucha. Haja yake ilikuwa neno moja tu. Hakuna aliyeshika adhana kwa kumhurumia.

Pengine mtu atasema: na yule ambaye akili yenyewe imeondoka, niya yake itatafutwa wapi? Huyo ana hukumu yake, na Sura ya 2, aya ya 282, yamtaja walii amwandikishiaye deni asiyeweza kuandikisha mwenyewe, kwa sharti ya uadilifu. Lakini walii huja pale tu aliposhindwa mwenyewe, na uzito wa ulimi si wazimu.

Yabaki kujua ni nani atakayeazima kiungo. Wanahistoria wameandika ya kwamba Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala tangu mwaka 705 hata 715, alimpa kila asiyeweza kwenda mtumishi, na kila kipofu kiongozi. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, wataja msaidizi wa mtu kuwa ni katika haki zake. Maneno mazuri, ila mkataba haumimini maji.

Katika majumba mengi amiminaye ni mwanamke. Mtoto wa kiume husifiwa msikitini kuwa amemweka babake vizuri, na aliyemweka ni mkewe, ambaye sharia haikumpa wajibu wa kumwosha mkwewe. Tena mzee huona haya kustanjishwa naye, akapunguza maji ya kunywa ili asihitaji choo, na hapo huzidi kudhoofika. Uchi wa mtu huangaliwa kwa dharura na kwa kadiri ya dharura, chini ya shuka, kwa mkono uliofungwa kitambaa. Na katika nyumba yenye mtoto wa kiume mwenye afya, dharura ya mkwe iko wapi?

Asiyeweza kujigeuza kitandani hutakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo nyama ya kiuno na visigino huoza ikatoka kidonda kisichopona upesi. Mtoto arudiye baada ya sala ya isha aweza kumgeuza babake kabla hajalala, na tena kila aamkapo usiku, akimwuliza kwanza ni ubavu upi autakao.